Twende Getanuwas Tukawaone Mijusi na Jamaa Zao

Ndugu msomaji, leo tunakwenda Getanuwas. Getanuwas ni kata katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Zamani sehemu hizi zilikuwa chini ya mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002.

Ukitoka Babati utafuata barabara kuu ya lami iendayo Singida. Utafika Katesh, makao makuu ya wilaya. Kutoka hapo unaiacha barabara kuu na kuingia nchi ya tambarare. Utaona migunga, vichuguu, mawe na vumbi. Utakutana na makundi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Wenyeji wa nchi hii ni Wadatoga, na kundi lao kubwa hapa ni Wabarbaig. Wapo pia Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, na watu wa makabila mengine. Watu hufuga, na pia hulima mahindi, maharage na alizeti.

Hewa ikiwa safi, utauona Mlima Hanang umesimama peke yake. Urefu wake ni mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ulitokana na volkano. Wageni wengi hutazama mlima huo na ng'ombe, kisha huenda zao. Sisi leo tutatazama vitu vidogo zaidi. Tutatazama ukutani, juu ya mawe, chini ya majani na juu ya matawi. Huko wanaishi mijusi na jamaa zao.

Jamaa za mijusi ni nani?

Mfugaji wa Getanuwas anajua ukoo wa ng'ombe wake. Anajua mtamba huyu alizaliwa na nani, na bibi yake alikuwa nani. Hatazami rangi peke yake. Ng'ombe wawili wenye rangi moja huenda hawana udugu wa karibu. Wengine wana rangi mbali mbali, lakini mama yao ni mmoja.

Mabingwa wa elimu ya viumbe hufanya hivyo hivyo. Wanawapanga wanyama kwa ukoo. Wanatazama mifupa, magamba, meno na namna ya kuzaa. Siku hizi wanapima pia chembe za urithi zilizo ndani ya mwili. Chembe hizo huonyesha nani ni ndugu wa nani.

Mijusi, nyoka, kobe na mamba huitwa wanyama watambaao. Wana ngozi kavu yenye magamba. Mayai yao yana ganda, hivyo hutagwa nchi kavu. Vyura ni ukoo mwingine. Ngozi yao ni laini na yenye unyevu, na mayai yao hayana ganda.

Watu wengi hudhani kenge ni mamba mdogo. Wahenga walisema, "Katika msafara wa mamba, na kenge wamo." Lakini kwa ukoo, kenge si mamba. Kenge ni mjusi mkubwa. Mamba yuko karibu zaidi na ndege kuliko na kenge. Kinyonga naye ni mjusi.

Nyoka je? Nyoka wametokana na mijusi wa zamani sana, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Polepole miguu yao ilipungua mpaka ikatoweka. Ushahidi upo. Mtazame chatu karibu na mwanzo wa mkia. Utaona vijikucha viwili. Hayo ni mabaki ya miguu ya nyuma.

Duniani leo zinajulikana zaidi ya aina 12,000 za wanyama watambaao. Zaidi ya 7,000 kati ya hizo ni mijusi.

Nyumbani: mjusi kafiri

Tuanzie nyumbani. Usiku taa ikiwaka, mjusi kafiri hutoka. Hukimbia ukutani na hata darini miguu ikiwa juu, wala haanguki. Hana gundi vidoleni. Chini ya vidole vyake kuna nywele ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nywele hizo hugusana na ukuta kwa ukaribu sana, na mguu hushika.

Akikamatwa mkia, anauacha. Mkia hurukaruka chini na adui huutazama. Mjusi anakimbia. Baadaye mkia mwingine huota.

Watu wengi husema mjusi huyu akianguka ndani ya maziwa au chakula, sumu yake huua. Hilo si kweli. Mjusi kafiri hana sumu. Lakini anatembea mahali pachafu na anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo funika maziwa yako na chakula chako. Ukifanya hivyo huna sababu ya kumwua. Yeye hula mbu, nondo na mende bila kukudai mshahara.

Juu ya mawe

Asubuhi nenda penye mawe makubwa. Jua likipanda utawaona mijusi wa mawe wakiota jua. Dume ana kichwa cha rangi kali kama nguo mpya. Majike wana rangi ya udongo. Dume hutikisa kichwa juu na chini. Anawaambia madume wengine, "Jiwe hili lina mwenyewe."

Kwa nini wanaota jua? Ng'ombe na binadamu hupata joto kutokana na chakula wanachokula. Mjusi hupata joto lake nje, kwa jua na kwa mawe. Hii ni hasara, maana asubuhi ya baridi hawezi kukimbia vizuri. Lakini ni faida pia. Mjusi anahitaji chakula kidogo sana. Ndiyo maana wakati wa ukame ng'ombe wanakonda na kufa, na mijusi bado wapo.

Mijusi hawa wa mawe wanafanana sana, lakini si wa aina moja wote. Mwaka 1932 bingwa mmoja aitwaye Arthur Loveridge alimweleza mjusi wa mawe aliyetoka nchi ya Waturu, yaani upande wa Singida. Jina lake la kitaalamu, turuensis, linataja nchi hiyo. Loveridge alifanya kazi Tanganyika katika idara ya wanyama, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aliandika sana juu ya mijusi, nyoka na vyura wa Afrika Mashariki.

Katika nyufa za mawe ya kaskazini na kati ya Tanzania kuna kobe wa ajabu. Yeye ni bapa kama chapati, na gamba lake ni laini kidogo. Akiona hatari hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine. Anakimbia, anajipenyeza ndani ya ufa. Katika mkoa wa Manyara anajulikana Tarangire. Jike hutaga yai moja tu kwa kawaida. Kwa hiyo wakichukuliwa wengi, hawarudi upesi. Wafanyabiashara waliwakamata kwa ajili ya kuwauza ng'ambo kama wanyama wa kufuga nyumbani. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe hao wanaotoka porini.

Malishoni: kenge na nyoka

Tuingie malishoni. Vichuguu ni nyumba za wengi. Mchwa wakihama, mijusi na nyoka huingia. Kenge wa majini hutaga mayai ndani ya kichuguu chenye mchwa. Mchwa huziba tundu, na mayai hukaa katika joto lisilobadilika sana. Kenge wa nchi kavu hula wadudu, konokono na mayai.

Nyoka wengi hula panya. Mkulima anajua panya wanavyomaliza mahindi ghalani. Nyoka mmoja huwafuata panya mpaka ndani ya mashimo yao, mahali ambapo paka hafiki. Nyoka wengi wa nchi yetu hawawezi kumdhuru mtu. Lakini wako wachache wa hatari sana, na lazima tuwajue.

Wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni mnene na mfupi. Rangi yake ni kama majani makavu na mchanga. Hakimbii akisikia miguu. Analala kimya akitumainia rangi yake. Mchungaji mtoto humkanyaga, naye huuma. Wa pili ni swila, ambaye anaweza kutema mate yenye sumu machoni. Wa tatu ni koboko, mrefu na mwepesi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima na wafugaji wa vijijini. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Mtu akiumwa na nyoka, fanya hivi:

Mwondoe mahali pale, mtulize, asikimbie. Vua bangili, pete na viatu kabla mwili haujavimba. Mguu au mkono ulioumwa usitikisike. Ufunge na kijiti kilichonyooka, kama unavyofunga mguu uliovunjika. Akitaka kutapika, mlaze kwa ubavu. Kisha mpeleke upesi hospitali au kituo cha afya. Abebwe, asitembee.

Usichanje kidonda. Usinyonye damu. Usikaze kamba. Usipoteze saa kwa jiwe jeusi au mizizi. Usimfuate nyoka ili umwue, maana ataweza kumwuma mtu wa pili. Kama sumu ya swila imeingia machoni, osha macho kwa maji mengi safi, kisha nenda kwa mganga wa zahanati.

Kinga ni bora kuliko dawa. Fyeka majani karibu na boma. Usiku tembea na tochi. Mpe mtoto anayechunga viatu vya kufunika mguu. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Vidimbwi: vyura

Mvua za kwanza zikinyesha, vyura huimba usiku kucha. Wakati wa kiangazi walikuwa wapi? Katika nchi kame wako vyura wanaojifukia ardhini. Hukaa huko miezi mingi bila kula. Maji yakifika, wanatoka. Wanataga vidimbwini, na viluwiluwi wanakua haraka kabla maji hayajakauka.

Chura hupumua pia kwa ngozi. Kwa hiyo dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia mashamba ikimwagika kidimbwini, chura huathirika mapema. Maji hayo hayo hunywewa na ndama wako na watoto wako. Ukiona kidimbwi kilichokuwa na vyura kimenyamaza, jiulize ni nini kilichoingia majini.

Mlimani: vinyonga wa Hanang

Sasa tutazame mlimani. Hapa ndipo penye ajabu kubwa kuliko zote.

Tambarareni yupo kinyonga wa kawaida. Humwona akivuka barabara kwa mwendo wake wa kusitasita. Macho yake hutazama pande mbili kwa wakati mmoja. Ulimi wake hufyatuka na kumnasa nzige aliye mbali kuliko urefu wa mwili wake. Watu husema hubadili rangi ili afanane na mahali alipo. Hilo ni sehemu tu ya habari. Hubadili rangi pia kwa hasira, kwa woga, kwa joto na kwa baridi. Mwaka 2015 mabingwa wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga kuna vipande vidogo mno vya fuwele. Kinyonga akivisogeza, mwanga hurudi kwa rangi nyingine.

Juu ya Mlima Hanang wako vinyonga wengine. Mwaka 1938 bingwa wa Ujerumani, Lorenz Müller, alimweleza kinyonga asiye na pembe kutoka misitu ya mlima huu. Alimpa jina la Uthmöller, mtu aliyemkusanya. Siku hizi kinyonga huyu amewekwa katika ukoo uitwao Kinyongia. Ukoo huo ulipewa jina mwaka 2006. Unaona, ndugu msomaji? Jina hilo limetoka katika neno letu la Kiswahili, kinyonga. Sasa linatumiwa na mabingwa wa dunia nzima.

Mwaka 2010 mabingwa wawili, Patrick Krause na Wolfgang Böhme, walimweleza kinyonga mwingine. Walimwita Trioceros hanangensis, yaani kinyonga wa Hanang. Anajulikana katika mlima huu peke yake. Hakuna mlima mwingine duniani ambako amepatikana.

Kwa nini mlima mmoja uwe na kinyonga wake?

Turudi kwa ng'ombe. Mfugaji huchagua dume. Akitaka ng'ombe wavumilivu wa kiangazi, humwacha dume mvumilivu azae, na wengine huwahasi. Baada ya vizazi vingi kundi lake linabadilika. Nchi nayo huchagua. Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alieleza jambo hilo katika kitabu. Watoto wa mnyama mmoja hawafanani kabisa. Wale wanaofaa zaidi mahali pale huishi na kuzaa. Wasiofaa hufa mapema. Polepole, kwa maelfu na mamilioni ya miaka, aina hubadilika.

Sasa fikiri juu ya mlima. Juu kuna baridi, ukungu na msitu. Chini kuna jua na vumbi. Kinyonga wa msituni hawezi kuvuka tambarare, kama mtu asiyejua kuogelea asivyoweza kuvuka ziwa. Kwake yeye mlima ni kisiwa.

Haikuwa hivyo siku zote. Zamani zilikuwapo nyakati za mvua nyingi. Misitu ilishuka kutoka milimani na kusogeleana. Kisha zikaja nyakati kavu, misitu ikapanda tena juu. Wanyama wakabaki wametengana. Kinyonga wa Uthmöller amepatikana Hanang na pia katika nyanda za juu za Ngorongoro. Hiyo ni alama ya undugu wa zamani kati ya milima hiyo. Kinyonga wa Hanang, yeye, ana jamaa zake wa karibu katika milima mingine ya Afrika Mashariki. Lakini amekaa peke yake muda mrefu hata akawa aina yake mwenyewe.

Tazama pia namna ya kuzaa. Kinyonga wa tambarare hufukia mayai mengi ardhini, na ardhi yenye joto huyalea kwa miezi mingi. Juu mlimani ardhi ni baridi. Vinyonga wa kundi la yule wa Hanang hawatagi. Mama hubeba mayai tumboni mpaka watoto wakomae, naye huzaa watoto hai. Mchana anaota jua, na watoto tumboni wanapata joto. Hata hivyo njia si moja. Vinyonga wa ukoo wa Kinyongia hutaga mayai, ingawa nao wanaishi milimani.

Hasara haiko mbali

Mnyama mwenye makao mengi ana pa kukimbilia. Mwenye makao mamoja hana. Msitu wa Hanang ukiisha, kinyonga wa Hanang amekwisha duniani kote. Hakuna wa kumrudisha.

Mlima huu si kitu cha kuchezea. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka mlimani. Katesh na vijiji vya jirani viliumia sana. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka. Siku hiyo tulijifunza kwamba mlima na tambarare ni mwili mmoja. Linalotokea juu hufika chini.

Msitu wa Hanang ni hifadhi, na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lakini walinzi wachache hawawezi kuwa kila mahali. Anayekata mti kwa siri, anayechoma mkaa na anayewasha moto ovyo, wote wanapunguza kisiwa kile kidogo.

Tambarareni nako kuna mabadiliko. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa za tambarare za Basotu zililimwa ngano katika mashamba ya Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Wafugaji wa Kibarbaig wanakumbuka jinsi malisho yao yalivyopungua. Trekta likipita, vichuguu na mashimo hupotea pia. Kobe na kenge hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Tufanye nini?

Usiwaue kinyonga na mijusi kwa woga. Hawana sumu. Ukimkuta kinyonga barabarani, mnyanyue kwa kijiti umweke kichakani. Usichome malisho ovyo, maana kobe hawezi kuukimbia moto. Chupa za dawa za mifugo na mashamba zisitupwe vidimbwini. Acha vichuguu vichache na mawe machache shambani, ili wala panya na wala wadudu wapate pa kukaa.

Akija mgeni kununua kobe au vinyonga, mwulize kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyama wa porini bila kibali. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupeleka wanyama hai wa porini nje ya nchi. Ukiwa na shaka, toa habari kwa ofisi ya kijiji. Shilingi chache anazokulipa mgeni leo zitakwisha kesho. Kinyonga akiisha, hata wajukuu hawatamwona.

Ndugu msomaji, nchi ni zaidi ya ng'ombe na mashamba. Wazee wetu walitufundisha kujua ukoo wa watu na wa mifugo. Tuongeze elimu hiyo. Tujue na ukoo wa wale wanaoishi ukutani, mawemawe na matawini. Kesho asubuhi, jua likianza kupanda, simama kidogo penye mawe ya kijijini kwako utazame.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mijusi huota jua asubuhi?
2. Kenge ni mamba au ni mjusi? Eleza.
3. Mtu akiumwa na nyoka, ni mambo gani hayafai kufanywa?
4. Kwa nini tunasema Mlima Hanang ni kisiwa kwa kinyonga?
5. Ni mijusi, nyoka na vyura gani wanaopatikana kijijini kwenu? Wazee wanawaitaje kwa lugha ya nyumbani? Andikeni majina hayo yasipotee.